Mpwa wa Marehemu

Telegramu ilipofika chuoni Kampala, mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti bwenini nabishana. Kubishana ndiko kulikokuwa kazi yangu ya pili pale chuoni, na wapo waliosema ndiyo ya kwanza. Jumamosi tulikuwa na mijadala ukumbini, na tangu niingie mwaka wa pili nilikuwa sijashindwa hata mara moja, jambo ambalo nililitangaza mwenyewe kila nilipoona watu wanaelekea kulisahau. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa huko huko Uganda aliyekunja hata soksi zake, akaninyooshea ile karatasi. Mjomba wangu alikuwa amefariki. Nikashuka kitini.

Wenzangu walinipa pole, lakini hawakuelewa kwa nini habari ile ilinishusha kitini. Kwao mjomba ni mtu anayekuja sikukuu, anakula, anaondoka. Ikabidi niwaeleze. Kwetu sisi Wadigo wa pwani ya kusini, mtoto alikuwa wa ndugu ya mama yake. Mjomba ndiye anayekusomesha, ndiye anayekuoza, na siku akifa, kwa ada yetu ya zamani, mali yake haiendi kwa wanawe. Huja kwako wewe mpwa.

"Sasa mtoto wake wa kumzaa anapata nini?" mwenzangu akauliza.

Mimi nilikuwa na jibu la kila kitu, lakini hilo nililimeza, maana huyo mtoto wa kumzaa nilikuwa namjua.

Tulilelewa nyumba moja, kijijini Munje. Mama yangu aliachwa na baba yangu mimi ningali mchanga, akarudi kwa kaka yake, na kaka yake, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu. Tulikula sahani moja. Tulitiwa jandoni siku moja, na yeye alilia kidogo kuliko mimi, jambo ambalo hakuniacha nilisahau. Tulikuwa watani, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, kwa hiyo kutukanana ilikuwa ruhusa kabisa. Hatukusalimiana kama watu. Mmoja akisema, "Umeamkaje, we mbuzi," mwenzake anajibu, "Sijambo, we kinyesi chake," na siku imeanza vizuri.

Kisha ikaja habari ya shule. Mjomba hakuweza kutusomesha sote wawili, akachagua mmoja. Akanichagua mimi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake kwa ada, na mwanawe alikuwa na wajomba zake mwenyewe kule Majoreni ambao wangemtazama wakitaka. Hawakutaka. Ndugu yangu akapewa jembe. Akaanza kufyeka vichaka vya upande wa baharini na kupanda minazi. Mimi nikawa naenda shule ya bweni na kurudi. Nikirudi, nakuta mche umenifika gotini. Nikirudi tena, umenipita kimo.

Mazishi hayakuningoja, na haikuwezekana yaningoje. Lakini hitma ya arobaini iliangukia likizo yetu ndefu, na wazee wakatuma habari kuwa siku hiyo jambo la shamba litakatwa, na kwamba neno ni la mpwa. Nikisema nalitaka, itafuatwa ada. Nikisema silitaki, itafuatwa sharia, na shamba litakuwa la mtoto wa marehemu.

Mtaona ni jambo jepesi. Si ukatae tu? Hata mimi ningeona hivyo lau si mama. Sharia haimpi dada kitu ndugu yake akiwa ameacha mtoto wa kiume. Mama yangu aliishi katika shamba lile, alikula nazi za shamba lile, jiko lake lilikuwa pale. Nikikubali, ndugu yangu hana kwao. Nikikataa, mama yangu hana kwao. Siku mbili za treni nilikuwa nalitafuna jambo hilo. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Nairobi askari walituteremsha wote, wakatupanga, wakatazama vyeti vyetu na nyuso zetu, na mimi, wallahi, wakati bunduki imenielekea kifuani, bado nilikuwa nawaza minazi.

Tulipokuwa tunapita Taru, kule kukavu kusikoota mnazi hata wa dawa, suluhisho likanijia lote kwa mpigo. Nikapiga goti langu kofi. Abiria wa mbele yangu akashtuka. Nitakubali! Nitalitwaa shamba kwa ada, mbele ya watu wote, kisha papo hapo, kabla wazee hawajafunga midomo yao, nitamtolea ndugu yangu hiba, zawadi ya kisharia, ya minazi yote, na nyumba nibakize ya mama. Hakuna atakayepoteza. Nilijiona nimewashinda wazee, ada, na sharia kwa hoja moja. Kuanzia hapo mpaka Mombasa nilipiga mluzi.

Nilipofika nyumbani, ndugu yangu alitoka mlangoni kunipokea sanduku. Nikamwanza mimi, "Umenenepa, we gunia la mbata!"

"Karibu," akasema. "Pole na safari."

Basi. Nilingojea tusi langu, halikuja. Alitabasamu kwa midomo tu, akalichukua sanduku akaliweka chumba cha mbele, chumba alichokuwa akilala mjomba. Mkewe akaja na mtoto mchanga begani, akanisalimu macho chini.

Mama naye hakuningoja nioge. Alinivuta jikoni, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, usije ukanitia aibu mbele ya watu. Ukikataa, mimi natoka hapa na mkeka wangu kichwani. Nirudi wapi, umri huu?"

"Mama, niachie mimi."

"Nikuachie wewe! Wewe na maneno yako ya kizungu!"

"Niachie mimi, mama. Utafurahi." Sikumwambia zaidi. Ningemwambia habari ya hiba, angewapelekea wazee wa ukoo wake kabla chai haijapoa, nao wangenikaba koo nisifungue mdomo.

Alasiri ya kuamkia hitma nilimkuta ndugu yangu nyuma ya nyumba anafua nazi. Kifuo kilikuwa kimesimikwa palepale siku zote, nao ule mti wake umechongoka kwa juu kama mkuki. Anaipiga nazi, anaizungusha, anabandua kumbi, anaitupa kando. Hakuninyanyulia macho.

"Kesho utasema nini?" akauliza.

"Kesho utasikia."

"Sitaki mchezo. Nataka kujua kama nifunge vyombo au nisifunge."

"Nimekwambia utasikia!" Nilikuwa nacheka, jamani. Nilikuwa na furaha yake mkononi na nilitaka nimkabidhi mbele ya kaumu ya watu. "Kwani huniamini?"

Akapiga nazi nyingine kwenye kifuo, kwa nguvu kupita kiasi, ikapasuka yenyewe, maji yakamwagika chini. Akaitazama. Nazi iliyopasuka wakati wa kufuliwa ni hasara, na yeye kwa kawaida hakuwa mtu wa kupasua. "Nakuuliza tu," akasema.

Siku ya pili, hitma ikasomwa, watu wakala wali na nyama, wakanawa. Wanaume tukabaki uani chini ya kivuli cha makuti, wanawake nyuma ya ukuta wa jiko, kimya kabisa, nikajua masikio yote yako ukutani. Mbele alikaa mzee wa ukoo wa mama, aliyekuja kutoka Msambweni kwa jambo hili tu, mkali, anatafuna tambuu na kutema kila mtu alipozungumza kwa urefu. Kando yake mwalimu wa madrasa aliyetufundisha sote wawili alifu. Ndugu yangu alikaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu.

"Mpwa," mzee akasema, "unakaa mahali pa mjomba wako, au hukai?"

Nikajiweka sawa mkekani. Kule chuoni nilisimama mbele ya kundi kubwa kuliko lile bila kutetemeka hata kidole. "Nakaa," nikasema.

Nyuma ya ukuta nikamsikia mama, "Alhamdulillahi!" Ndugu yangu aliinamisha kichwa.

"Basi limekwisha," mzee akasema. "Tangu leo wewe ndiwe baba wa aliowaacha marehemu. Watakuita baba, nawe uwatazame kama wanao."

"Bado, babu! Lina mwisho wake." Nikasimama. Nikaivuta kanzu, nikakohoa, nikasema sawasawa na nilivyojizoeza ndani ya treni: kwamba kwa kuwa sasa shamba ni langu, na mwenye mali ana uhuru na mali yake, basi mimi, kwa hiari yangu na akili zangu timamu, namtolea ndugu yangu hiba ya minazi yote, ya juu na ya upande wa baharini, yeye na kizazi chake, na nyumba naibakiza makazi ya mama yangu mpaka mwisho wa umri wake. Nikakaa. Nilitokwa na jasho la furaha.

Mzee wa Msambweni alisahau kutema. "Huyu kijana," akasema, "tumesomesha shetani." Lakini sauti yake ilikuwa na kucheka ndani yake, na watu wawili watatu wakaguna kwa kuridhika. Mwalimu akatikisa kichwa polepole.

"Hiba ni kutoa na kupokea," mwalimu akasema. "Bila ya kupokea haitimii." Akageukia mwisho wa mkeka. "Je, mwanangu, umepokea?"

Sote tukageuka. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Sikupokea," ndugu yangu akasema.

"Alaa!" Nikaruka. "Umesikia nilichosema wewe? Minazi yote!"

"Nimesikia."

"Sasa je?"

"Ile ya juu ameipanda baba yangu. Ya upande wa baharini nimeipanda mimi, mmoja mmoja, na maji nikaitekea mimi. Wewe ulikuwa shuleni." Hakupaza sauti. "Sasa leo unanipa mimi?"

Nikamjibu. Nilikuwa na majibu! Nikamwambia kwanza, kupewa na kurithi mwisho wake ni mamoja, mkononi kinafika kitu kilekile. Nikamwambia pili, bila ya mimi kutwaa, mama angebaki nje. Nikamwambia tatu, anataka nini zaidi ya hayo? Nilizungumza mpaka mate yakanikauka, na kadiri nilivyozungumza ndivyo watu walivyozidi kutazama mikeka yao. Mpaka leo hii nasema hoja zangu zilikuwa sawa. Nimezirudia mara nyingi, nimezipindua huku na huku, nionyesheni ilipo kasoro. Sioni. Na mpaka leo hasira hunipanda.

"Umesema vizuri sana," ndugu yangu akasema nilipomaliza. Akainuka, akatafuta viatu vyake, akatoka.

Mwalimu akasema kwamba hiba imeanguka. Mzee akasema basi mambo yamebaki yalivyo kwa ada, shamba la mpwa, na wakasoma fatiha. Mimi mikono yangu niliiweka magotini, sikuiinua.

Asubuhi ndugu yangu na mkewe walifunga vyombo. Hakukuwa na ugomvi. Laiti ungekuwapo, ningejua pa kushika. Mkewe alimkumbatia mama yangu, wakalia wote wawili. Ndugu yangu akafunga godoro na masufuria nyuma ya baiskeli, akaanza kuisukuma kwenda barabarani, mkewe nyuma na mtoto mgongoni. Walikuwa wanakwenda Majoreni, kwa wajomba zake, wale wale ambao hawakumtaka utotoni.

Nikawafuata. Nilivumilia mpaka mwisho wa shamba, kisha nikaukamata usukani. "Usiwe mpumbavu! Lile shamba ni lako. Lichukue. Mimi silitaki, sijapata kulitaka!"

"Basi hilo ndilo neno. Mbona jana hukulisema?"

"Na mama je? Nimwache mama barabarani?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Ulidhani ningemfukuza shangazi?" akauliza. "Ndiye aliyenilea. Wewe ulipokuwa huko kwenye vitabu, akiugua nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Ulidhani mimi ningemtoa?"

Kweli nilidhani. Siku mbili za treni, katika hesabu zangu zote, sikuwahi kumhesabia yeye hilo. Nilimpigia hesabu kama mtu nisiyemjua.

"Ungesema tu kwamba si lako," akasema. "Neno moja. Tungekaa hapa sote."

Akautoa mkono wangu kwenye usukani, taratibu, kidole kwa kidole. Akasimama wima, kijana wa rika langu, mweusi kwa jua, mabega mapana kunishinda. Sauti yake haikuwa na dhihaka hata chembe. Ningeipata dhihaka, ningeishukuru.

"Shikamoo, baba," akasema.

Na mdomo wangu, kabla sijaweza kuuzuia, kwa adabu ileile tuliyofundishwa sote wawili ndani ya nyumba ile, ukamwitikia:

"Marahaba."