Yeye Ligi Kuu, Mimi Mumbuni

Mume wangu anacheza besiboli Marekani. Kazi yake ni kulinda nyuma kabisa ya uwanja: mpira ukipigwa juu, anaukimbilia na kuudaka kabla haujagusa chini. Watu wa hapa Mumbuni wakikutana na mimi hawaulizi habari yangu. Wanauliza, "Amefika ligi kuu ama bado?"

Kudaka alijifunzia kwangu. Shuleni nilikuwa kwenye timu ya softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, na jioni nilikuwa nampigia mipira kuelekea ua wa mkonge mwisho wa uwanja. Akirudi nyuma vibaya, mkonge unamchoma mgongo. Ndio akajua kuruka. Wageni waliokuja kutafuta wachezaji waliona huko kuruka, wakamchukua. Siku ya kwanza kunipigia simu kutoka huko alikuwa anacheka tu. "Huku ukuta una godoro," akasema.

Kabla hajaondoka, mimi nikiwa na mimba, wazee wake walileta kwetu mbuzi za ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hizo zikishaliwa na pande zote mbili, wewe ni mke wa watu. Nilikula nikishangilia. Nilidhani ntheo inamfunga yeye. Yeye alipanda ndege wiki ileile. Nikabaki mimi, kwa mama yake, na mtoto na ng'ombe.

Juzi shule moja ya wasichana huko Tala ikanitaka nikafundishe softiboli. Nyumba wanatoa, na mtoto naenda naye. Mama mkwe hakuacha hata kuchambua maharagwe.

"Mke haondoki bwana akiwa safarini," akasema. "Mwenyewe akisema uende, utaenda."

Nikampigia baba yangu, nikamwuliza kama naweza kurudi kwake kwanza, kisha niende Tala.

"Mbuzi tulishakula," baba akaniambia. "Nikikupokea hapa, niwaambie nini? Zilitoroka?"

Likabaki neno la mume wangu. Alipiga Ijumaa jioni. Alikuwa amepandishwa kutoka ligi ndogo, kesho yake anaanza ligi kuu. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Iliporudi mkononi mwangu nikamwambia, "Hongera. Sasa mwambie mama niende Tala."

"Si sasa, mama mtoto. Mama atabaki na nani? Wacha msimu uishe kwanza."

"Nilipokuwa nakupigia mipira, nilikuambia usubiri msimu?"

"Haya, umeanza," akasema, na simu ikakatika. Ama aliikata.

Jumamosi jioni sebule ilijaa watu kumwangalia. Mpira ukapigwa mbali sana. Akarudi nyuma bila kugeuka, akaruka mbele ya ule ukuta wa godoro, akaudaka. Niliujua huo mruko. Ni wa mkonge.

"Huyo alizaliwa hivyo," mama mkwe akawaambia wageni. "Hakufundishwa na mtu."

Simu yangu ikalia jikoni. Ni mwalimu mkuu wa Tala.

"Mwalimu, unakuja ama nitafute mwingine?"

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniita mwalimu. Nikamwambia atafute mwingine.

Kisha nikaitwa nilete chai. Nikaibeba, nikafika mbele ya televisheni, nikasimama hapo na trei.

"Toka hapo, hatumwoni," mama mkwe akasema.

Nilianza kumimina, kikombe kimoja kimoja, hapohapo niliposimama.