Mutoto wa Kupimia Sista

Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa kimya, akaendelea kukaa kimya. Bamama ba jirani bakaingia kumuona, bakamusifu: “Huyu ana adabu!” Mutoto wa juzi ana adabu gani? Alikuwa analala tu. Nikimupa titi, anavuta kidogo, analiacha, analala tena. Asubuhi moja nikamusogeza mulangoni penye mwangaza, nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano kama kiini cha yai. Nikaogopa.

Miaka ile ya hamsini, mutoto hakutolewa nje mpaka kitovu kianguke. Ndiyo ilikuwa sheria ya kila nyumba, toka Nchelenge mpaka Puta. Mume wangu alikuwa ziwani na nyavu zake, na hata angekuwa nyumbani angesema, “Uliza mama.” Basi nikamuuliza mama yake.

Mama-mukwe wangu alikuwa mama wa samaki. Alinunua kwa bavuvi pale Kashikishi, akauzia batu ba ng’ambo ya ziwa, na hakuna mizani aliyoiamini. Ndani ya kikapu chake alibeba jiwe, uzito wake anaujua kuliko umri wake mwenyewe. Mununuzi akileta mizani, yeye anaweka jiwe kwanza. Sindano ikisema bongo, ikidanganya uzito, anafunga samaki wake, anaenda. Banunuzi bakamuchukia, lakini hakuna aliyemuibia.

Alimuangalia mutoto muda murefu. Nikajua na yeye ameogopa, maana hakunitukana.

“Pale misheni kuna sista muzungu,” nikasema. “Banasema anajua batoto.”

“Banasema! Na wenye mizani nao banasema. Unataka nimutoe mutoto na kitovu chake, nimupe mutu sijamupima?”

“Mama, mutu anapimwa namna gani?”

“Funga mudomo, unyonyeshe.”

Akaenda kwa jirani, akaazima mutoto. Ndiyo, akaazima, kama batu banavyoazima sufuria. Alikuwa munono, anakaa mwenyewe, ameota meno mawili, mikono yake haiachi kitu. Shauri lake lilikuwa hivi: atamuambia sista kwamba huyu ni mugonjwa sana. Sista akikubali na kutoa dawa, basi ni mutu wa bongo, na mutoto wetu atabaki ndani. Mama wa yule mutoto akamufuata nyuma, na ndiye aliyenihadithia.

Mama-mukwe alimufunika mutoto kitenge, hata pua haikuonekana.

“Alizaliwa lini?” sista akauliza.

“Juzi, Sista. Kitovu hakijaanguka. Hanyonyi. Analala tu, na macho yake manjano.”

Sista akafunua kitenge. Mutoto akakamata musalaba wa shingoni mwa sista, akauvuta. Sista alipotaka kuutoa, akaumwa kidole.

“Juzi?” akasema sista. “Mama, huyu ana meno.”

“Kwetu tunakula samaki sana.”

“Na anakaa!”

“Maneno ni mingi. Ni mugonjwa ao si mugonjwa?”

“Huyu? Huyu ni kiboko! Sina dawa ya kumupa. Mugonjwa ni mimi mwenye kidole.”

Mama-mukwe akashusha pumzi. “Vizuri,” akasema. “Haukunidanganya.”

Lakini sista hakucheka tena. Akamushika mukono. “Yule asiyenyonya ni nani? Yule wa macho manjano? Haya hayakutungwa, mama. Umeyaona mahali.”

“Ni mujukuu wangu. Yuko nyumbani.”

“Yuko nyumbani, na wewe unaniletea wa kuniuma! Kimbia!”

Mama-mukwe wangu, ambaye hata mvua hakuikimbia, siku ile alikimbia katikati ya soko la Kashikishi, mutoto wa batu anarukaruka mugongoni, mwenye mutoto nyuma analia kwa kucheka. Akaingia nyumbani bila hodi.

“Mubebe. Tunaenda.”

“Mama, na kitovu?”

“Kitaanguka huko huko! Kwani kinajua kiko wapi?”

Sista alinigombeza mpaka nikasahau uchungu wa kuzaa. Kisha akanifundisha kukamua maziwa na kumunywesha mutoto kwa kijiko, kidogo kidogo, na kumuamusha hata kama hataki. Akatukataza kurudi nyumbani mpaka aone macho yameanza kusafika. Mutoto aliye muzima, akasema, alipaswa kuletwa juma lile lile la kwanza atazamwe. Lakini akikataa kunyonya, akilala hata kuamushwa ni kazi, akiwa manjano, akiwa na moto mwilini au akipumua kwa taabu, musingoje kitu. Ni siku ile ile. Ninyi muliozaa juzi, mukisoma hapa, musiniambie shangazi alisema mungoje. Shangazi yenu ni shangazi, si sista.

Tulikaa pale misheni, katika chumba cha bagonjwa, mimi na kijiko, mama-mukwe ananitazama kama ninaiba maziwa. Kila mara mutoto akimeza, na yeye anameza. Siku zikapita, macho yakaanza kuwa meupe, lakini sauti bado. Halafu asubuhi moja nikachelewa kukamua, na mutoto akafungua mudomo akalia. Alilia kama mutu aliyenyang’anywa nyavu. Bagonjwa bote bakaamuka.

“Ee mama,” muzee mumoja akalalamika toka chumba cha pili, “munyamazishe huyo!”

“Unyamaze wewe!” mama-mukwe akamujibu, huku anajipangusa macho kwa kitenge. “Hii kelele ndiyo tuliyoifuata.”