Saluni Isiyo na Umbea

Kazi ya kusuka nilijifunzia Mbeya, pale Mwanjelwa, kwa mama mmoja mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mteja akiinuka tu, kabla hajavuka barabara, tulikuwa tumeshamchambua: ndoa yake, madeni yake, mtoto wake anafanana na nani. Saluni ilijaa kila siku. Mimi si mtu wa maneno mengi, na umbea hunichosha kuliko kusimama. Niliondoka pale nikijua kusuka, na nikijua nisichokitaka.

Nikaja Iringa, nikapanga chumba kidogo cha biashara. Nilikuwa na kioo kimoja, viti vya plastiki na jiko la mkaa la kuchemshia maji, maana kwa baridi ya huku ukimwosha mtu nywele kwa maji ya bomba hatakusamehe. Miezi ya mwanzo nilikaa nikitazama barabara. Mtaa mzima ulikuwa na saluni, zote zina muziki, zote zina picha zilezile ukutani. Nikishindwa nilijua pa kwenda: nyumbani Igowole, kuchuma chai na kuishi chini ya kaka yangu. Kaka si mtu mbaya. Ni mtu anayejua kila jambo, basi.

Siku moja tukaitwa kwenye semina ya wajasiriamali wadogo. Mkufunzi akasema anayemuuzia kila mtu hakumbukwi na mtu, kwa hiyo kila mmoja asimame amweleze mteja wake. Muuza chipsi aliyenitangulia akasema mteja wake ni yeyote mwenye njaa, na ukumbi ukampigia makofi. Zamu yangu nikasema wangu ni mwanamke aliyeongea na watu tangu asubuhi, sasa anataka kichwa chake kishikwe bila kuulizwa chochote. Walicheka sana. Mkufunzi hakucheka. "Mama, kama unamjua hivyo, mwambie basi kwamba upo," akasema.

Nikamwambia kwa bango. Fundi aliposoma nilichomwandikia, "Saluni ya Kimya: hapa hatuulizi, hatusemi watu," akaweka brashi chini.

"Dada, hii ni saluni au chumba cha mtihani?"

"We andika, kaka. Rangi ya kijani."

Muziki nikazima. Haikupita muda akaja mama mmoja wa mtaani, mteja mkubwa, aliyeniahidi kuniletea wasichana wote wa harusi ya bintiye. Kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, akaniuliza kama ni kweli mke wa jirani yake alikuja kwangu nywele zikinyonyoka. Nikasema sijui.

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sitaki kusema, mama."

Harusi ile ilisukwa saluni ya pili kutoka kwangu. Nilinuna wiki nzima, nikajiona mjinga wa kutupwa.

Lakini habari zilisambaa, labda yeye mwenyewe ndiye aliyezisambaza. Wakaanza kuja wale niliowaeleza kwenye semina: wauguzi waliotoka zamu, walimu, karani wa mahakama, mwanamke mmoja aliyelala tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho. Hawakuvutana bei, walirudi kwa wakati, walileta wenzao wa aina yao. Nikaongeza kioo. Nilifurahi, na nilijivuna kidogo pia, sioni haja ya kuficha.

Mwaka juzi mama yangu akafariki. Nikafunga saluni bila kumwambia mtu, nikaenda Igowole. Msibani niliwasuka shangazi zangu twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma tu, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Watu walijaa uani, marafiki wa kaka, marafiki wa wifi. Kutoka kwangu Iringa hakuja hata mmoja, na kaka aliliona hilo. Matanga yalipoisha akaniita kando.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Kule mjini una nani?"

Kwa kawaida ningemrudishia maneno makali. Safari hii nilikwenda kufunga begi langu. Nilirudi Iringa nikiwa karibu nimeshaamua kumrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.

Asubuhi nilipofungua, wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi, mteja wangu tangu bango likinuka rangi.

"Habari za siku, dada. Ulifunga."

"Nilifunga."

Akaketi, akafumba macho. Wengine wawili wakaingia, wakakaa na simu zao. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wananipa heshima ileile niliyowafundisha mwenyewe, na iliniuma kama kofi. Nilikijua kichwa cha yule muuguzi chote, hadi kovu la nyuma ya sikio. Yeye hakujua kama niliwahi kuwa na mama.

Nikasuka mistari ya mwanzo, kisha vidole vikagoma.

"Mama yangu amefariki," nikasema.

Muuguzi akainuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akanishika mikono yangu yenye mafuta.

"Jamani, dada. Pole. Pole sana. Alikuwa anaumwa?"

Nikamjibu. Akauliza tena, mama alikuwa mtu wa namna gani, nami nikamrudisha kitini nikasuka huku nikieleza: alivyoimba nyimbo za kanisa shambani kwa sauti ya kukera, alivyowasalimu mbuzi wake kabla hajatusalimu sisi. Wale wawili wakasogeza viti. Mmoja akachochea mkaa akapika chai. Mistari ikapinda, nikafumua, nikaanza upya, bado naongea. Nililia pia.

Jumapili wote watatu walipanda basi nami hadi Igowole, na khanga, na sukari. Kaka akatoka mlangoni, akawaangalia mmoja mmoja, akaniuliza kwa sauti ya chini hawa ni akina nani.

"Wateja wangu," nikamwambia, nikaingia ndani kuwatafutia viti.