Miche ya Kuazima

"Huyu? Matope yatamshinda kabla kiatu hakijakauka."

Ndivyo alivyosema jirani yangu, fundi wa baiskeli, niliporudi kutoka Ghuba nikatangaza kwamba nitarudisha mikoko iliyokatwa ufuoni nyuma ya mtaa wetu wa Junda, tena kwa kujitolea. Wengine wakaniambia nitafute kazi bandarini kama wenzangu. Niliwaacha waseme. Diploma yangu ya bustani nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha magari, kisha nikaotesha nyasi jangwani mahali ambapo hata mbuzi hapati jani. Matope yangenishindaje?

Nilichokosa ni miche tu. Kina mama watatu wenye vitalu wakaniazima, kila mmoja miche mia mbili, nami nikaahidi kurudisha mche kwa mche kabla ya masika. Mkubwa wao, mama aliyeokota chaza pwani hiyo tangu usichana wake, alinitazama sana.

"Mwanangu, hii ndiyo tuliyoweka tupande kipande chetu. Ikifa, kwetu kutabaki kipara."

"Haitakufa, mama. Mimi nina diploma."

Nilichagua siku ya bamvua, bahari imejivuta mbali na kuacha tope jeusi, laini, pana kama uwanja. Nikafunga kamba, nikapanda safu zilizonyooka kama za hoteli nilizozihudumia ughaibuni. Nikajipiga picha.

Baada ya wiki tatu miche mingi ilikuwa imelala. Vigamba vya baharini vimeganda kwenye mashina, mingine inaelea. Yule mama alikuja, akacheka mpaka akashika leso isimdondoke.

"Bwana Diploma, umepanda samaki!"

"Naam, mama?"

"Hapa maji huondoka bamvua tu. Mkoko nao hupumua, ama hukusomeshwa hilo?"

Sikusomeshwa. Jangwani hakuna maji kujaa wala kupwa. Ila mimi si mtu wa kurudia kosa. Nikarudi siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, nikachomeka vijiti pale maji yalipoishia yakijaa, nikatafuta mashimo ya kaa, alama ya tope linalopata hewa, kama yule mama alivyonionyesha. Miche iliyopona nikaihamishia huko juu. Deni likabaki lote, na masika yako mbele.

Nikaanza kitalu changu. Kila asubuhi niliokota mbegu za mkoko zilizoanguka, ndefu kama kalamu, nikizitupa zote zenye tundu la mdudu. Nikazipanda kwenye pakiti za maziwa nilizokusanya mtaa wa Bombolulu, mlango kwa mlango, watu wakinicheka. Nasema bila haya: hakuna kitalu kilichokuwa kizuri kama kile pwani nzima.

Wiki moja kabla ya mvua nikarudisha miche yote mia sita, siku moja, kwa kina mama wote watatu. Fundi wa baiskeli mwenyewe ndiye aliyenisaidia kubeba matenga. Kwa yule mkubwa tulifika mwisho. Alitoa mche mmoja kwenye pakiti, akaugeuza, akachunguza mizizi.

"Hii imeshiba kuliko niliyokupa."

"Nilikwambia nina diploma, mama."

"Haya. Na kamba yako umeileta?"

"Nimeiacha nyumbani."

Akacheka, akanipa vijiti nitangulie kwenye kipande chao kuweka alama. Nilivua viatu, nikashuka matopeni. Nyuma yangu nilimsikia fundi akilalamika kwamba vyake vimelowa.