Kupokezana Kisu

Kisu kile nilikichagua mimi. Nalisema hilo mapema, maana baadaye watu walisema mengi, na wengi wao hata hawakuwapo.

Ilikuwa miaka ya vita kuu ya pili, na visu vya maana vilikuwa adimu madukani Bagamoyo. Mume wangu, mkwezi wa minazi, alikipenda kimoja kirefu kinachong'aa. Nikamwambia, "Bwana, waenda shamba au waenda ngomani?" Mimi nilitaka cha kumenya muhogo, kukata kamba, kuchokoa miba na kumuwahi kuku mgonjwa asife kibudu. Nikachukua kifupi, kizito kidogo. Nilichungulia kitako cha mpini kuona kama chuma kimefika mpaka mwisho, nikakigonga kwa ukucha, kikalia vizuri. Halafu nikakijaribu kwenye kamba ya usumba wa nazi iliyofungia gunia la mwenye duka. Mapigo mawili, kamba chini! Mwenye duka alipiga kelele, sisi tukacheka mpaka machozi.

Tulipotoka barazani mume wangu akanipa kisu mkononi, bado anacheka. Nami nikakipokea.

Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unaondoa mkono wako, mwenzako anakiokota. Ukimpa mkononi, mtagombana. Hayo tuliyajua tangu utotoni, ila siku ile furaha ilitupumbaza. Mama mkwe aliposikia aliacha kupeta mchele. "Mmekwisha," alisema. Akarudi kwenye ungo wake, na mimi hofu ikaniingia.

Basi ugomvi ukaingia nyumbani. Chumvi imezidi, ugomvi. Punda kachelewa kunyweshwa, ugomvi. Hata kukibeba hicho kisu tuligombana: yeye hakutaka kukwea nacho kiunoni, kwa kuwa siku moja kilimchoma ubavuni akiwa juu ya mnazi, na ala ya ngozi tulikuwa hatujapata. Nikawa nakibeba mimi, nimekiviringisha kwa ganda la mgomba na kukichomeka kwenye pindo la kanga. Kila hatua nilikisikia kinanigusa tumboni, na kila siku niliogopa zaidi. Nikajiapia kwamba sitampa kisu mkononi tena, hata iweje.

Asubuhi ile tulitoka nyumbani tumenuniana. Sababu hata siikumbuki, Mungu anisamehe. Shambani hapakuwa na upepo, na kichakani mlikuwa na kitu kinachofukua. Punda alisimamisha masikio, akakataa kusogea.

"Turudi," nikasema.

"Weye kila kitu waogopa," alinijibu. Akajizungushia kamba ya punda mara mbili kwenye mkono wa kulia, apate kumzuia wakati anampandishia gunia la nazi.

Nguruwe mwitu wakatoka. Punda akaruka, akauzunguka mnazi, na kamba ikamkaba mume wangu mkono kwenye shina. Kila punda alipovuta, kamba ilizidi kukaza. "Kisu!" alipiga kelele, amenyoosha mkono wa kushoto. "Nipe kisu, mke wangu!"

Nilikimbia, nikakichomoa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Na mimi, mpumbavu mimi, nikainama, nikakiweka chini mbele ya miguu yake, nikaondoa mkono wangu.

Niliogopa tutagombana.

Akainama kukiokota, hakukifikia. Punda akavuta tena. Nilisikia mlio ambao sitausimulia hapa. Ndipo nikakiokota mwenyewe, nikakata. Mapigo mawili tu, kama dukani.

Watu huniuliza kwa nini sikukata mwenyewe tangu mwanzo. Lo! Mwadhani mimi sijajiuliza? Nimejiuliza mpaka nimechoka, na jibu langu ni lile lile: mkono wangu ulifanya ulichozoea, na moyo wangu ulikuwa na hofu.

Jeraha lilipona, lakini vidole vya mkono ule havikukunjika tena. Hakukwea tena hata mnazi mmoja. Alikula kwa mkono wa kushoto, na kila tonge akisema astaghafirullah. Na ugomvi je? Ulikwisha siku ile ile. Hakunigombeza hata mara moja, na laiti angenigombeza! Nilikuwa nautaka ugomvi kama mtu mwenye kiu.

Miezi ikapita. Jioni moja tumekaa uani, namenya muhogo, akataka kunisaidia. Kwa mazoea nikakiweka kisu chini, juu ya jamvi. Naye kwa mazoea akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikakipapasa, kisu kikateleza, vikakipapasa tena. Nilishindwa kutazama. Nikakiokota, nikamtilia mpini kwenye kiganja cha kushoto.

Alikishika, akakitazama.

"Hivi ndivyo ungenipa siku ile," alisema, taratibu kabisa. Kisha akaubana muhogo kwa magoti, akaanza kumenya.