Nyongeza ya Oili

Nauza karanga sokoni Mpanda, na kwangu mteja haondoki bila nyongeza. Kisado kikijaa, natupia konzi moja juu, la sivyo ananuna na mimi roho inanisuta. Nilipopata gari langu la mtumba, nikalipatia heshima ileile.

Kila asubuhi nilipofika sokoni nilizima injini, nikafungua boneti papo hapo na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Lo, pungufu! Namimina mpaka inatosha, kisha naongeza kidogo ya baraka. Moshi wa bluu ukaanza kutoka nyuma, mzito, wauza nyanya wakaziba pua nikipita. Nikajua gari linakula oili. Nikazidi kulilisha.

Ndipo mdogo wangu akachumbiwa, ndoa ikapangwa kufungwa Kabungu. Nikaapa kumpeleka kanisani mwenyewe, maana nilimbeba mgongoni tangu utoto wake. Shangazi zetu wakataka apande gari la kina bwana harusi. Bibi harusi akanivuta pembeni.

"Dada, nataka unipeleke wewe. Lakini gauni ni jeupe. Huo moshi wako ukinifikisha kanisani nanuka kama samaki mgebuka wa kubanika, sikusamehe!"

Siku tatu kabla ya harusi nilikwenda kwa fundi wa Misunkumilo. Nilishajiandaa kuambiwa ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe. Yeye akaliegesha gari kwenye tambarare, akanywa chai yake taratibu hadi injini ikapoa. Kisha akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu kwa mbali. Fundi akacheka mpaka akakalia tairi.

"Mama, hii gari haili oili, wewe ndo unailisha kwa nguvu! Ukizima tu injini, oili bado iko huko juu, haijashuka. Isubiri kwanza, ndo upime. Ikifika kwenye alama, acha. Injini haitaki nyongeza."

Akapunguza iliyozidi, akazibua mpira wa kupumulia wa injini, akabadilisha chujio la hewa lililoshiba vumbi letu la kiangazi. Kesho yake moshi ulikata. Nilizunguka mji mzima bila safari yoyote, nikiwapigia honi wauza nyanya.

Siku yenyewe niliendesha, bibi harusi kiti cha nyuma, huku nikijipigia vigelegele. Raha ilinizidi. Katikati ya safari nikapaki pembeni, nikapapasa chini ya kiti kutafuta galoni langu la oili. Siku kubwa kama hii, tone moja tu lingedhuru nini? Galoni halikuwepo. Nikasonya, nikaendelea.

Kabungu tulipokelewa kwa nyimbo. Mdogo wangu akashuka, mweupe pee, na miguuni pake galoni likabiringika kutoka chini ya gauni. Alikuwa amelificha tangu nyumbani.

"Gari naiamini, dada," akaninong'oneza huku akinikumbatia. "Mkono wako ndo siuamini."