Dele la Mama na Safu ya Dhahabu

Mwalimu wetu wa kemia, pale Mlandege, aliniagiza nilete dele la kahawa la shaba, na kutu yake ya kijani. Mama akakataa katakata: chombo kichafu hakitoki nyumbani kwake! Akalisugua kwa ukwaju mpaka likang'aa.

Mwalimu alicheka, akaliweka dirishani, upepo wa bahari ulipige, pamoja na bangili yake ya fedha. Kwenye jedwali la elementi, alisema, shaba, fedha na dhahabu zimo safu moja. Kadiri unavyoshuka, hewa inazidi kushindwa kuzila.

Mwezi haujamalizika, dele lilishafifia, bangili imeingia weusi kidogo tu. Jedwali lile la ukutani lilisema kweli tupu!

Mwalimu akanyoosha kidole chenye pete ya dhahabu.

"Hii tangu nivishwe harusini, haijaonja ukwaju."